Kisu hupita kati: jinsi ya kukata stringi na orodha kwa Python

Simama dakika tano kando ya barabara pale Changamwe, usome migongo ya malori yanayotoka bandarini Kilindini. Kila kontena limeandikwa herufi nne, kisha tarakimu sita, kisha tarakimu moja ya mwisho ambayo mara nyingi imezungushiwa kisanduku. Jumla ni alama 11, na utaratibu ni ule ule Mombasa, Durban na Rotterdam, kwa kuwa umewekwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 6346. Herufi tatu za mwanzo ni za mwenye kontena. Ya nne inaeleza ni kifaa gani: U ni kontena lenyewe, J ni vifaa vinavyofungwa na kufunguliwa juu yake, Z ni trela au chasisi. Tarakimu sita ni namba ya kontena hilo miongoni mwa ya mwenyewe, na ile ya mwisho ni ya uhakiki.

Kwa anayejifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, katika mji huu sijaona mfano mzuri kuliko huo. Vijana ninaokaa nao jioni wengi wana baba, mjomba au jirani katika kazi ya klaringi, yaani kutoa mizigo forodhani. Namba hizi wamezisikia zikisomwa kwenye simu tangu utotoni. Kwa hivyo tunazikata.

Neno la kwanza: kipande kinachopatikana baada ya kukata nitakiita slesi, kama slesi ya boflo. Tendo ni lile lile, na picha ya kisu na boflo itatufaa hadi mwisho.

Hatua ya kwanza: andika namba

Fungua Python. Kama huna kompyuta, simu ya Android yenye programu ya Pydroid 3 inatosha kabisa kwa somo hili. Andika:

```
kontena = "CSQU3054383"
```

Maandishi yaliyo ndani ya alama za kunukuu, kama haya, huitwa stringi. Namba hii hutumika sana katika maelezo ya kiwango chenyewe, kwa hivyo tuna hakika kwamba imeandikwa sawasawa.

Hatua ya pili: hesabu mianya, usihesabu herufi

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na hapa ndipo nitakaa.

Python, lugha aliyoitoa Guido van Rossum mwaka 1991, huanza kuhesabu kwenye sifuri. Mwanafunzi akisikia hivyo hukariri tu: "herufi ya kwanza ni sifuri, ya pili ni moja." Kisha anaambiwa kwamba `kontena[0:3]` inaleta herufi namba 0, 1 na 2, lakini 3 haimo. Anauliza, na ana haki ya kuuliza: "Mwalimu, tatu nimeiandika mwenyewe, mbona haikuja?"

Jibu ni kwamba zile namba mbili ndani ya mabano zinahesabu mahali kisu kinapopita. Tazama:

```
  C   S   Q   U   3   0   5   4   3   8   3
0   1   2   3   4   5   6   7   8   9   10  11
```

Kabla ya C kuna mwanya, nao ni 0. Kati ya C na S kuna mwanya, nao ni 1. Baada ya tarakimu ya mwisho kuna mwanya, nao ni 11. Ukiandika `kontena[0:3]` umemwambia mwenye kisu: kata kwenye mwanya 0, kata kwenye mwanya 3, nipe kilicho katikati. Kilicho katikati ni `CSQ`. Hakuna kilichoachwa nje wala kilichoongezwa ndani.

Mswahili ana njia ya karibu zaidi ya kulielewa hili, nayo ni saa. Jua la pwani hutoka kama saa kumi na mbili. Tukisema "saa moja asubuhi" tunamaanisha kwamba saa moja nzima imekwisha kupita tangu jua litoke. Tunahesabu umbali kutoka mwanzo. Wakati wa macheo bado hakuna saa iliyopita, na hiyo ndiyo sifuri. Saa ya kwanza ya mchana iko kati ya macheo na saa moja, kama vile C iko kati ya 0 na 1. Darasani kwangu, tangu nianze kufundisha kwa saa badala ya kukaririsha, swali la "mbona tatu haikuja" huulizwa mara moja tu.

Sasa kata kontena zima:

```
kontena[0:3]     # 'CSQ'     mwenye kontena
kontena[3:4]     # 'U'       aina ya kifaa
kontena[4:10]    # '305438'  namba ya mfululizo
kontena[10:11]   # '3'       tarakimu ya uhakiki
```

Angalia mambo mawili. Ukitoa namba ya kushoto kwenye ya kulia unapata urefu wa slesi: 10 toa 4 ni 6, na tarakimu ni sita. Na kila slesi inaanza pale iliyotangulia ilipoishia: 3 na 3, 4 na 4, 10 na 10. Hakuna kilichodondoka katikati. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta na Mholanzi kama van Rossum, aliandika mwaka 1982 akitetea kuhesabu kwa namna hii hii, kuanzia sifuri na kuacha nje mpaka wa juu, na hoja zake zilikuwa za aina hiyo: urefu unapatikana kwa kutoa tu, na vipande vinavyofuatana vinashikana.

Hatua ya tatu: acha wazi unachoweza kuacha

Ukiacha upande wa kushoto wazi, Python inaanza mwanzo kabisa. Ukiacha wa kulia, inakwenda hadi mwisho. `kontena[:4]` ni `'CSQU'`, na `kontena[4:]` ni `'3054383'`.

Namba hasi huhesabu kutoka nyuma. `kontena[-1]` ni herufi ya mwisho, na `kontena[-7:]` ni tarakimu zote saba. Kwa namba za simu hili ni dawa. Wateja huandika namba moja kwa njia tatu, kwa 07, kwa 254 au kwa +254, na orodha inakuwa fujo tupu. Lakini tarakimu tisa za mwisho hazibadiliki:

```
simu = "0700000000"
"254" + simu[-9:]    # '254700000000'
```

Mstari huo mmoja unasafisha daftari zima la wateja, mradi uwe umeondoa nafasi na vistari kwanza.

Mtego mmoja wa namba hasi ni mbaya kwa sababu unakaa kimya. Tuseme `n` ni idadi ya vitu vya mwisho unavyotaka, na siku moja `n` ikawa sifuri. `orodha[-n:]` inageuka kuwa `orodha[0:]`, na badala ya kupata utupu unapata orodha nzima. Kama `n` inaweza kufika sifuri, andika `orodha[len(orodha)-n:]`; `len` hutoa idadi ya vitu vilivyomo.

Hatua ya nne: safisha kabla ya kukata

Slesi hailalamiki. Omba herufi moja isiyokuwepo, `kontena[50]`, nawe utapata kosa la `IndexError`. Lakini ukiomba `kontena[50:60]` unapewa stringi tupu, na `kontena[4:100]` inakupa kilichopo bila neno lolote. Mara nyingi upole huo unafaa. Ukitaka majina 10 ya kwanza na yako 6 tu, unapewa sita na kazi inaendelea.

Kwenye makontena upole huo uliniponza. Nilikuwa nikisaidia ofisi moja ya klaringi kutoa namba za mfululizo kutoka kwenye jedwali la Excel. Nilikata `[4:10]` kila mstari nikampa karani matokeo. Kwenye baadhi ya mistari, aliyeandika alikuwa amegusa kitufe cha nafasi kabla ya herufi ya kwanza. Nafasi ni alama kama alama nyingine, kwa hivyo mianya yote ilisogea hatua moja:

```
" CSQU3054383"[4:10]    # 'U30543'
```

Programu haikusema kitu. Tuliona kosa dereva alipokuwa amefika getini na makaratasi yasiyolingana na mzigo, akarudishwa, na mwenye mali akalipia siku nyingine ya kuhifadhiwa. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo sikati kitu ambacho sijakisafisha na kukipima:

```
def safisha(s):
    return "".join(h for h in s.upper() if h.isalnum())

k = safisha(" csqu 305438-3")
if len(k) != 11:
    print("Angalia tena:", k)
```

Fanksheni hiyo inaondoa nafasi, vistari na kila kisicho herufi wala tarakimu. Nafasi za slesi zina maana pale tu unapojua urefu wa kitu unachokata.

Hatua ya tano: orodha, na kurudi njia uliyokuja

Kila kilichosemwa kuhusu stringi kinafanya kazi kwenye orodha. Huu hapa mstari wa vituo vya matatu ya kuelekea kaskazini:

```
vituo = ["Buxton", "Daraja la Nyali", "Kongowea",
         "Bombolulu", "Bamburi", "Shanzu", "Mtwapa"]

vituo[2:5]     # ['Kongowea', 'Bombolulu', 'Bamburi']
vituo[::-1]    # safari ya kurudi, Mtwapa hadi Buxton
```

Namba ya tatu, baada ya nukta pacha ya pili, ni hatua. Hatua ya 2 inachukua kimoja na kuruka kimoja, na hatua ya -1 inarudi nyuma. Hatua ya 0 hairuhusiwi. Python itakataa kwa `ValueError`.

Matumizi ya hatua ninayoyapenda kuliko yote yanatoka kwenye shairi. Mshororo wa shairi la mizani 16 una ukwapi wa mizani nane na utao wa mizani nane, na kina kiko mwisho wa kila kipande. Nimetunga mshororo huu kwa ajili ya somo:

*Kivuko kiko Likoni, watu tele wamejaa*

```
m = ["ki","vu","ko","ki","ko","li","ko","ni",
     "wa","tu","te","le","wa","me","ja","a"]

m[:8]      # ukwapi
m[8:]      # utao
m[7::8]    # ['ni', 'a']
```

Slesi ya mwisho inaanza kwenye mizani ya nane, ambayo kwa Python ni 7, kisha inaruka nane nane. Vina viwili vimetoka kwa mkato mmoja. Mpe kompyuta ubeti wa mishororo minne uliokwisha kugawanywa kwa mizani, nayo itakuonyesha mara moja ni wapi kina kimepotea. Na ukiunganisha `m[:8] + m[8:]` unapata mshororo wako mzima, hakuna mizani iliyopungua.

Hatua ya sita: jua lini umepata nakala

Slesi ya orodha ni orodha mpya. Ukiibadilisha, ya zamani inabaki ilivyo. Lakini `b = vituo` haileti orodha mpya; ni jina la pili la kitu kile kile, kama mtu anayeitwa Mwinyi nyumbani na Abdalla shuleni. Ukifuta kituo kwenye `b` kimefutika kwenye `vituo`. Ukitaka nakala, andika:

```
b = vituo[:]
```

Mabano hayo yanakata kuanzia mwanzo hadi mwisho, yaani unachukua boflo zima lakini kwenye sahani nyingine. Tahadhari: nakala hiyo ni ya juu juu. Kama ndani ya orodha kuna orodha nyingine, zile za ndani bado ni za pamoja.

Orodha pia hukubali kubadilishwa kupitia slesi. `vituo[2:4] = ["Kongowea sokoni"]` inatoa vituo viwili na kuweka kimoja mahali pake, na `del vituo[:2]` inaondoa viwili vya mwanzo. Stringi haikubali hata kimoja cha hivyo. Stringi ya Python haibadiliki, unaunda mpya.

Utakapofika kwenye NumPy, maktaba ya Python ya kufanyia hesabu za data, kumbuka kwamba huko desturi ni tofauti: slesi ya safu ya NumPy ni dirisha la kutazamia data ile ile, na ukiandika ndani yake umeandika kwenye asili. Lugha ya Go nayo iko hivyo. JavaScript ina `slice` yenye sheria za mianya kama hizi, bila hatua. Lua na R huanza kuhesabu kwenye 1, na katika R namba hasi haimaanishi "kutoka nyuma" bali "ondoa hiki". Anayehama lugha awe macho hapo.

Jambo moja kwa wanaoshughulika na hati za Kiarabu

Mji wa Kale kuna nyumba ambamo bado zimehifadhiwa barua na tenzi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ukiingiza maandishi hayo kwenye kompyuta ujue kwamba herufi na irabu yake ni alama mbili. `len("بَ")` ni 2: moja ya be, moja ya fataha. Slesi ikipita kati yao, herufi inabaki bila irabu, na ukigeuza neno kwa `[::-1]` kila irabu inaangukia herufi isiyo yake. Kwa kazi hiyo, gawanya kwanza neno kuwa orodha ya silabi, kama tulivyofanya kwa mizani, kisha ukate orodha.

Hatua ya saba: zipe slesi majina, kisha uhakiki

Programu ikikua, `[4:10]` iliyotawanyika kila mahali haimwambii msomaji kitu. Python inakuruhusu kuupa mkato jina:

```
MWENYE = slice(0, 3)
AINA   = slice(3, 4)
NAMBA  = slice(4, 10)

k[NAMBA]    # '305438'
```

Sasa ile tarakimu ya mwisho. Inapatikana hivi: kila herufi ina thamani, A ni 10, B ni 12, na kuendelea, ukiruka namba zote zinazogawanyika kwa 11. Kila alama kati ya zile kumi za mwanzo inazidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea kwa kurudufu hadi 512. Jumlisha, gawanya kwa 11, chukua baki. Baki likiwa 10 linaandikwa 0.

```
thamani, n = {}, 10
for h in "ABCDEFGHIJKLMNOPQRSTUVWXYZ":
    if n % 11 == 0:
        n += 1
    thamani[h] = n
    n += 1

def halali(k):
    jumla = 0
    for i, h in enumerate(k[:10]):
        t = thamani[h] if h.isalpha() else int(h)
        jumla += t * 2**i
    return str(jumla % 11 % 10) == k[-1]
```

Kwa `CSQU3054383` jumla ni 6185. Ukiigawa kwa 11 baki ni 3, na 3 ndiyo iliyoandikwa mlangoni. Sasa mfanye karani apindue tarakimu mbili, aandike `CSQU3054833`. Jumla inakuwa 4905, baki ni 10, tarakimu inayotakiwa ni 0, na mlangoni pameandikwa 3. `halali` inarudisha `False`.

Unganisha vipande vyote kwenye orodha ya asubuhi, ambayo hapa naiita `mistari`:

```
for s in mistari:
    k = safisha(s)
    if len(k) != 11 or not halali(k):
        print("ISITOKE:", s)
    else:
        print(k[MWENYE], k[NAMBA])
```

Ile ofisi bado inaiendesha kila siku kabla ya saa mbili, kabla lori la kwanza halijawashwa. Mistari yenye ISITOKE karani huipigia simu moja moja, akasomewa namba upya kutoka kwenye mlango wa kontena.